Mbuzi wa Mihrabuni

Rukia mwanangu,

Nimekasirika, na sitaki kuanza na "natumai u mzima wa afya" huku mchana nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani yako na robo ya yangu.

Mmevuka na mama yako kwenda ng'ambo kutafuta sanduku na sweta, maana ati Nairobi ni baridi. Kwa foleni ya feri ya saa hizi hamtarudi kabla ya magharibi, kwa hivyo nimekaa kwenye meza ya kompyuta, nimeisukuma mashine kando, naandika. Mambo ya kukaa na watu, usitembee ovyo, usikopeshe, uchemshe maji, hayo sikuandikii. Mama yako ameshakwambia, atakwambia tena kesho stesheni, na gari la moshi likianza kwenda atakwambia dirishani. Mimi nina langu moja.

Mchana uliniambia mbele ya mama yako, "Baba, kesho nasafiri, naomba radhi zako." Nami nikainuka nikaenda kunawa, nikakaa uani mpaka mkatoka. Najua ulivyofahamu, kwamba nimekunyima. Wallahi mimi mwenyewe sijui kama nimekunyima. Mtoto kwenda mbali bila ya radhi ya babake si jambo dogo, na kesho gari halitaningoja mimi nipoe. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kilichoniudhi si safari. Nenda, kazi umeipata kwa kichwa chako. Kilichoniudhi ni ile hadithi uliyotupigia kabla ya kuomba radhi, huku unacheka. Kwamba wale wakubwa wa Nairobi, watu wa matangazo ya televisheni, walikutaka uwaonyeshe kazi zako, na wewe ukapita maua, ukapita maboksi ya sabuni uliyoyachora chuoni, ukawatolea mbuzi. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Halafu wakakupa kazi. Mama yako naye akacheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina la kuchekea pale mezani.

Mbuzi yule, Rukia! Katika vyote vilivyomo ndani ya mashine hii, ukaenda kuwaonyesha watu wa bara aibu ya babako.

Hebu nianze mbali kidogo, maana mengine yalipita ukiwa mdogo, na mengine ulikuwepo lakini nilikuwa nakuficha.

Ulipozaliwa, kazi yangu ilikuwa na jina. Miaka ile ya themanini kila aliyejenga huku Likoni alitaka mlango wa chuma kwa ajili ya wezi, lakini akiutazama aona haya, autaka uonekane mvule. Ndipo nikaitwa mimi. Napaka rangi ya chini ya manjano iliyoiva, nangoja, napaka ya juu nyembamba ya kahawia, halafu kabla haijakauka napitisha kichana nilichokikata kwenye soli ya ndara. Mkono ukitetemeka kidogo mahali pake, unapata jicho la mti. Watu walikuwa wakija kuugonga mlango kwa vidole wasikie kama ni mbao. Marumaru nayo nilikuwa nachora kwa unyoya wa kuku. Kuna nyumba kule Port Reitz, nguzo za sebuleni ni saruji tupu, lakini mwenyewe alikuwa akileta wageni waziguse, na wakizigusa wasema ala, jiwe la baridi hili! Baridi gani? Saruji ile! Nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima ya kurudi Bofu.

Halafu yakaja marumaru ya kweli kwenye makontena, ikaja milango ya kiwandani, na mimi nikabaki kupaka kuta nyeupe na mageti. Jambo hilo lilinitia uchungu ambao sikujua niuseme vipi, kwa hivyo nikawa nawagombeza nyinyi kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Ofisi moja ya Changamwe ilipokuwa inafunga nikanunua kompyuta hii. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza chuo, ukaja ukanibusu mikono ukidhani nimekununulia wewe. Nikakuacha udhani hivyo. Lakini niliinunua kwa ajili yangu. Kuna mtu aliniambia siku hizi marumaru yanachorwa na kompyuta, na tangu aliponiambia sikutulia.

Ukaleta programu kutoka chuoni, ukanikalisha kitini, ukanionyesha. Kwenye kioo kuna visanduku, kila kimoja na kazi yake, na wewe unaviunganisha kwa nyuzi. Kimoja kinazaa madoa, kama maziwa yakiingia kwenye chai kabla hujakoroga. Unakivutia uzi kwenda kwa chengine, kinayanyoosha madoa yanakuwa mishipa. Chengine kinatia rangi. Mwisho wa nyuzi yanatoka marumaru, na hapana mkono uliogusa. Nilisema subhanallah. Nilifurahi, na wewe ukafurahi kwa kuniona nimefurahi, na mama yako akatuletea kaimati zenye shira palepale kwenye kompyuta, jambo ambalo leo hatuliruhusu.

Lakini mimi nilitaka mshipa mmoja mkubwa utoke juu kulia ushuke chini kushoto, vile nilivyokuwa nauchora kwa unyoya. Nikaongeza ukubwa, doa moja likajaa kioo kizima. Nikapunguza, ukawa mchanga. Nikaongeza ukali, ikawa radi. Na kisanduku kile kina mahali pa kutia nambari, wewe ukiiita mbegu, ukibadilisha nambari moja tu kila kitu chaondoka chaja chengine. Siku moja niliupata mshipa wangu. Ulikuwa mzuri, wallahi, umekaa vile vile nilivyoutaka. Nikagusa ile nambari kwa kidole hiki kinene, ukapotea. Nambari ilikuwa ipi? Sijui! Nilipiga meza mpaka mama yako akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka.

Wewe ukaniambia, "Baba, hicho hukiambii mstari upite wapi. Unakiambia mistari iwe ya namna gani, halafu unatazama kinakupa nini."

"Na kikinipa nisichokitaka?"

"Unakikataa, unajaribu nambari nyengine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upendezwe."

Nikakwambia hiyo si kazi, hiyo ni bahati nasibu. Ukacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Fundi gani anayekaa kitako angoje kuletewa? Mkono wangu ulikuwa unawasha, na hapakuwa na pa kuushikisha.

Ndipo wazee wa msikiti wetu wakataka ukuta wa mihrabu upambwe, pale mbele anaposimama Maalim Athumani kutuswalisha. Mzee Shee, mwenyekiti wa kamati, alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti cha kamba, akasema anataka marumaru ya rangi, "kama zile nguzo zako za Port Reitz." Alizikumbuka nguzo zangu! Ningesema inshallah nikatafuta unyoya, yangeishia hapo. Lakini mimi mashine ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nikamwambia nitamletea kitu kisichowahi kuwekwa msikiti wowote wa pwani hii. Nikamwambia, msikitini hatutaki sura ya kiumbe, sivyo? Basi marumaru yangu hayana mchoraji. Hapana mkono, hapana nia, ni hesabu tupu. Iko wapi rangi safi zaidi ya hiyo ya kuielekea mtu akiswali? Mzee Shee akatikisa kichwa, akasema mashaallah. Na mimi nilipojisikia ninavyosema, nilijipenda.

Ukanichagulia nambari nzuri, mawimbi ya kijivu na kijani yaliyotulia. Nikakwambia igeuze nusu hii, upande wa kulia ufanane na wa kushoto, vile mtu anavyofungua kitabu katikati. Ukasita.

"Baba, tusigeuze. Ikigeuzwa inatoa sura."

"Sura gani? Hesabu ina sura?"

"Vitu viwili vikikaa sawasawa, mtu anaona macho. Iache ilivyo."

"Umeona wapi mihrabu iliyoelemea upande mmoja? Geuza!"

"Abee, Baba," ukasema, ukageuza.

Hukunibishia tena, na hilo pia linaniudhi mpaka leo. Ungenibishia! Ungenishika mkono ukanisimamisha kule mlangoni, ukaniambia tazama ukiwa hapa. Mimi nilikuwa nimebandika pua kwenye kioo, naangalia mishipa imekutana au haikukutana.

Tukachapa karatasi, printa ikilia mchana kutwa, tukaziunganisha kwa gundi hapa sakafuni mpaka mama yako akawa hana pa kupita. Nikatoboa mishipa yote kwa sindano, nikazibandika kwenye ukuta wa mihrabu, nikapiga vumbi la makaa kwa kitambaa lipenye matunduni, nikatoa karatasi, nikafuata alama kwa rangi ya mafuta. Tangu nianze kazi hii, kila nikipaka hurudi nyuma nikatazama. Safari ile sikurudi hata hatua moja. Nitazame nini? Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa. Nikatundika shuka, nikasema lisiondolewe mpaka Ijumaa.

Ijumaa shuka likaondolewa, watu wa safu za nyuma wakasema mashaallah. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, na kanzu uliyonipigia pasi wewe. Nikainua macho kabla ya kufunga swala. Alikuwa pale. Juu kidogo ya kilemba cha Maalim: pembe mbili zimepinda nyuma, macho mawili yameachana, pua ndefu, na ndevu zinashuka mpaka kwenye tao. Mbuzi. Tena beberu, mwenye dharau, ananitazama mimi. Swala ile Mwenyezi Mungu ndiye aijuaye.

Nikajiambia labda namwona mimi peke yangu. Tulipotoa salamu, aliye kando yangu akaninong'oneza, "Fundi, lile ni nini lile?" Mzee Shee yeye hakunong'ona. "Fundi, mbuzi wa nani huyu?" Nikamwambia hapana aliyemchora. Akasema, "Kumbe kaja kuswali mwenyewe?" Lahaula! Nyumba ya Mungu, na watu wameziba midomo kwa mikono ya kanzu.

Tangu siku ile hapana tena aliyeuona ukuta, wote wakawa wanaona mbuzi. Msikiti ukaitwa Msikiti wa Mbuzi. Nikienda dukani naulizwa, "Fundi, wamtafutia majani?" Watu wazima na ndevu zao, nikipita barazani kwao wanalia mee. Unajua yote haya, nawe ulikuwa ukisikia. Nakuandikia ili ujue kwamba na mimi nilikuwa nasikia, maana hapa nyumbani nilikuwa najifanya siwasikii.

Ningesema palepale ukuta upakwe mweupe, mambo yangekwisha baada ya wiki. Sikuweza. Nikawaambia wazee nitarekebisha, nikarudi kwenye mashine hii. Kila nambari ikanipa kiumbe. Hii bundi. Hii mwanamke na ushungi wake. Hii kaa. Moja, toba, ilikuwa Mzee Shee mwenyewe na meno yake. Ukaniambia niache kugeuza, au nitumie kile kisanduku cha nyota na miraba, kinachorudia umbo lile lile, nacho msikitini chapendeza. Nikakujibu kwamba mimi ni fundi wa marumaru, si msuka mikeka. Na msikiti wetu nikauhama. Nikawa naswali kule karibu na feri, nawaambia nyinyi imamu wa kule ana sauti nzuri. Sauti yake ni ya kawaida tu.

Siku moja niko kwenye foleni ya feri, natoka Changamwe kufuata rangi, Mzee Shee akanikuta. Akanishika bega kwa furaha. "Hongera, fundi, kwa binti yako. Ametuondolea mbuzi."

"Amemwondoa vipi?"

"Ameupaka ukuta mweupe. Maalim alimpa ruhusa. Aliingia asubuhi watu wakiwa makazini, akatoka kabla ya adhuhuri."

Nikabaki pale na mkebe wa rangi mkononi. Feri ikaja, ikajaa, ikaondoka, na mimi bado nimesimama.

Nilikuuliza mlangoni, kabla sijavua viatu, kwa nini hukuniambia. Ukasema, "Ungekataa." Ndiyo, ningekataa! Ukuta ulikuwa wangu! Kama una aibu, ni yangu! Nilisema mengi siku ile na sauti ikafika kwa majirani. Nilisema umenifuta. Nilikuwa na maana ya neno hilo, na wewe ulijua, kwa sababu uliinama. Tangu hapo mimi na wewe tumekuwa watu wa shikamoo na marahaba. Chai iko mezani, Baba. Haya. Taa niizime? Izime. Na ukuta sikwenda kuutazama. Nilikuwa najua nitakachokiona: rangi ya harakaharaka, ya mtoto aliyetaka watu wasimcheke njiani.

Kwa hivyo leo uliponitajia mbuzi, tena kwa kicheko, tena ndiye aliyekupa kazi, halafu pumzi hiyo hiyo ukaomba radhi, nilihisi umenichukulia ukuta mara ya pili. Ndiyo maana nikainuka.

Sasa nikwambie nilikokwenda mlipotoka.

Ilipoadhiniwa alasiri nilikwenda msikitini kwetu. Usidhani ni ucha Mungu. Nilikwenda kumtafuta mbuzi, nilikuwa na hakika yupo. Rangi ya mafuta ina unene. Mshipa uliochorwa husimama juu ya ukuta, kidogo tu, kiasi cha unywele. Ukipaka nyeupe juu yake mchana huoni kitu, lakini jua likija kwa ubavu kila mshipa unatia kivuli, na kilichofutwa kinarudi. Pale msikitini jua la alasiri linaingia kwa dirisha la magharibi, linalala juu ya ukuta wa kibla mpaka lizame. Nilitaka nimwone. Nilitaka nije nikae hapa niwangoje, wewe na mama yako, niwaambie: haya, hata kufuta hakujui, na huyo ndiye mnayempeleka Nairobi.

Baada ya swala nikabaki mpaka watu wakatoka, nikausogelea ukuta. Jua lilikuwa limelala vile nilivyotaka. Hapana kitu. Nikaweka shavu ukutani nikatazama kwa ubavu, vile ninavyotazama kazi za mafundi wenzangu nikitaka kuwaumbua. Hapana. Nikapitisha kiganja kutoka upande huu mpaka upande ule, juu na chini, mpaka kwenye ndevu zake. Laini, Rukia. Laini kama ganda la yai.

Uliupiga msasa. Wote. Mshipa mmoja mmoja, kwa mkono, maana mashine ya msasa hatuna, mpaka ukafika kwenye saruji. Ukaweka rangi ya kwanza, ukapiga msasa tena, ukaweka ya pili. Na ile kona ya tao, ambayo mimi mwenyewe huipitia kwa hila na kitambaa, umeikata kwa brashi ndogo na hakuna tone lililotoka nje. Rangi ya mafuta iliyokauka naijua inavyokula vidole. Ile haikuwa kazi ya asubuhi moja, kama nilivyomfahamu Mzee Shee.

Nilikuwa bado nimeweka mkono ukutani Maalim Athumani alipokuja nyuma yangu. Hakunisalimia kwanza. Akasema, "Nilimwambia mwanao: binti yangu, paka tu juu, yatosha, sisi hatuoni kitu. Akanijibu, haitoshi, Maalim. Baba akija atamwona."

Baba akija! Na Baba alikuwa yuko kule karibu na feri, anasifu sauti ya imamu.

Nikatoka pale na viatu mkononi. Njiani ndipo nilipokumbuka kijiko. Siku zile zile, tulipokuwa na wageni, ulikula wali kwa kijiko, na mimi nikakusema mbele yao. Nikasema, "Chuo kimeshamfunza Uzungu huyu, mkono wa kulia anauona uchafu." Wageni wakacheka. Wewe ukaendelea na kijiko chako. Vidole vilikuwa vimechubuka, sivyo? Ulikuwa huwezi kuvitia kwenye mchuzi. Mama yako alijua? Bila shaka alijua, na wote wawili mkaninyamazia, na mimi nikaendelea kupiga domo.

Sasa niambie nimkasirikie nani. Nimerudi hapa na hasira zangu zote na hazina pa kwenda. Wewe siwezi. Mashine hii ilifanya ilichoambiwa. Mzee Shee aliona mbuzi kwa sababu mbuzi alikuwepo. Nabaki mimi, na mimi nimeshachoka kujigombeza, tangu msikitini mpaka hapa najigombeza, mtu mmoja kanisalimia nikamjibu "mjinga wewe" bila kukusudia. Itabidi nikamwombe samahani.

Yako machache nitakwambia halafu nikuache. Huko uendako utampata mkubwa kama mimi. Ataijua kazi, atakuwa na jina, na atakwambia geuza. Mimi nilikulea uitike abee, na abee ni nzuri, usiiache, watu wa bara wataipenda. Lakini ukishaitika, bisha. Mshike mkono umpeleke mlangoni umwonyeshe. Akikufukuza, rudi nyumbani, chumba chako kipo, hatutakipangisha.

Na ukimpenda mtu, usimpigie msasa kwa siri. Mwambie. Ningekuja nikakasirika siku mbili pale pale ukutani, nikatupa brashi, halafu ningechukua kipande cha msasa nikaanza upande wa pembe, nawe upande wa ndevu. Najijua. Badala yake nimekasirika miezi, na wewe umebeba vidole vyako peke yako. Hilo ni kosa langu mimi kwanza, lakini kidogo ni lako, na sitakuficha.

Kuhusu wale wa Nairobi, bado sikufahamu kwa nini ulichagua kuwaonyesha picha ile. Labda uliwaambia jambo kuhusu mbuzi yule ambalo mezani hukuwahi kulisema, kwa sababu niliinuka upesi. Hukumaliza hadithi. Nataka unimalizie.

Barua hii nitaiweka juu ya kompyuta, uikute mkirudi. Radhi sikuiandika humu, usiitafute. Radhi ya karatasi mimi siijui. Hutoka kinywani mwa mzazi na mtoto yuko mbele yake. Kesho asubuhi, kabla ya kuvaa buibui lako, njoo unipe mkono, nivitazame vidole vyako kwanza. Halafu uniombe tena. Na nikikawia kujibu, usidhani nakunyima, mwanangu. Nitakuwa nalia.

Babako